Gari la Baba Linaumwa Wapi? Kuisikiliza Hiace ya Zamani Kutoka Kila Kiti

Wanunuzi wa vyuma chakavu wameshapita nyumbani kwetu Mwanga, hapa Kigoma, mara mbili kuiulizia Hiace ya marehemu baba. Wanaitazama ilivyokaa chini ya mwembe, matairi yamelala, majani yamejaa kwenye keria, halafu wanataja bei ya kilo. Mama huwajibu wasubiri watoto waje. Watoto ndio sisi, watu wazima sasa, na kwa miaka kadhaa kila aliyekuja likizo aliifungua, akapiga stata, ikakohoa, akaifunga. Safari hii nimekaa nayo wiki tatu, na inatembea. Ninayaandika haya kwa wenzangu walioachiwa gari kama hili, wayasome kabla hawajakubali bei ya kilo.

Yetu ni ya lile toleo la nne lililoanza kutoka kiwandani 1989, injini ya dizeli 3L (hilo ni jina la injini, siyo lita), cc 2,779. Kama yako ina injini ya 2L au 5L, mengi yatafanana. Kama ni TownAce au LiteAce ya zamani, nayo injini yake iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo sehemu ya joto isome kwa makini zaidi.

Dereva ndiye anayesikia machache kuliko wote ndani ya gari. Macho yake yako barabarani, masikio yamezoea mlio ule ule. Baba alilijua hilo, ndiyo maana katika gari letu kila mtoto alikuwa na kiti chake na kila kiti kilikuwa na zamu. Dada mkubwa alikaa mlangoni. Kaka alikaa nyuma kabisa dirishani. Mimi nilikaa mbele katikati, kati ya baba na mama, juu ya injini. Mdogo wetu alikuwa popote penye nafasi, mara nyingi sakafuni pamoja na madumu ya mawese. Tukimaliza mlima wa kwenda Kasulu kwa bibi, baba alipaza sauti bila kugeuka: "Wa nyuma, rangi gani?" Kaka alitakiwa kujibu rangi ya moshi, na ole wake awe amelala.

Kwa hiyo usilipime gari hili peke yako. Wapange ndugu, wapwa na majirani kwenye viti, mwende nao.

Asubuhi, kabla hamjapanda

Dalili ya kwanza: ukipiga stata injini inazunguka vizuri ila haiwaki, au inawaka baada ya kuhangaika sana huku ikitoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi. Zitazame hita plagi. Injini hii ina nne, kila silinda na yake, kazi yake ni kupasha chumba cha kuchomea mafuta kabla injini haijapata joto lake. Kwenye dashibodi kuna taa ndogo ya njano yenye alama ya waya uliojiviringa. Sisi tuliihesabia pamoja, moja, mbili, tatu, baba ameshika ufunguo, na hakuna aliyeruhusiwa kuongea lingine mpaka izime. Kwa joto la huku ziwani unaweza kuishi na plagi mbili mbovu usijue. Lala Kasulu mwezi wa saba, asubuhi utajua.

Kuzipima ni rahisi. Fungua bati la chuma linaloziunganisha, chukua balbu ya kupimia, upande mmoja uwe kwenye chanya ya betri na upande wa pili uguse kichwa cha plagi. Balbu ikiwaka, waya wa ndani haujakatika. Isipowaka, plagi imekufa. Zikiwa zote nzima na bado gari linagoma, angalia kama umeme unafika kwenye lile bati ufunguo ukiwa umewashwa. Usipofika, tafuta fyuzi na rilei yake, yaani swichi inayozipelekea umeme, kabla hujanunua chochote.

Dalili ya pili: linawaka, linaunguruma sekunde chache, linazima. Hiyo ni hewa kwenye njia ya mafuta. Juu ya filta ya dizeli kuna pampu ya mkono, kitufe kikubwa cha kubonyeza. Bonyeza mpaka kiwe kigumu. Ukibonyeza mara arobaini na bado ni laini, hewa inaingia mahali, na mara nyingi ni mpira wa mafuta uliokauka au pete ya filta iliyokaa vibaya. Ya kwetu ilikuwa mpira: kwa nje mzima, ukiukunja unaona nyufa kama kisigino cha kiangazi.

Chini ya filta hiyo hiyo kuna kifungulio cha kumwagia maji. Kifungue, kinga kwa chupa, uangalie. Gari lililokaa muda mrefu na tangi nusu halikosi maji. Mimi nilitoa karibu nusu kikombe.

Dalili ya tatu: kimya kabisa cha mafuta, stata inazunguka na hata moshi hautoki. Mwambie mtu awashe ufunguo bila kupiga stata, wewe weka sikio karibu na pampu ya dizeli. Lazima usikie "tik" moja. Hiyo ni vali ya umeme inayofungulia mafuta. Usipoisikia, fuata waya wake, kwa sababu panya wa chini ya mwembe wanazipenda waya.

Stata ikizunguka kwa uvivu ni betri au vichwa vyake, osha ule unga mweupe kwa maji ya moto, kaza, endelea.

Kiti cha katikati, juu ya injini

Hapa ndipo nilipokulia na hapa ndipo gari za aina hii zinapofia, kwa hiyo nitakaa sana.

Kiti changu kilikuwa na joto kila siku. Safari ya kawaida lilikuwa joto la chai iliyopoa kidogo. Tukipita Mwandiga kwenda juu, lilipanda taratibu mpaka nikaanza kuweka kanga ya mama chini ya mapaja. Nikisema "baba, kiti", aliangalia geji papo hapo, na mara nyingi nilikuwa nimeitangulia. Geji hupima maji mahali ilipofungwa. Maji yakiisha kabisa hapo, sindano inaweza kushuka wakati injini inaungua. Kiti hakina tatizo hilo.

Gari likianza kuchemsha mlimani, kwanza toa mzigo kwenye injini: punguza mwendo, shusha gia, fungua hita ya ndani mpaka mwisho na vioo vyote. Hita ni rejeta ndogo, inachukua joto kutoka kwenye maji na kuwapulizia ninyi. Tuliungua na joto kweli kweli, mama akitupepea kwa daftari, lakini tulifika. Kama sindano inaendelea kupanda, simama kivulini. Ikiwa maji bado yapo na mkanda wa feni unazunguka, acha injini iunguruме polepole bila kukanyaga mafuta. Ikiwa mvuke unatoka au mkanda umekatika, zima mara moja. Kisha usiguse mfuniko wa rejeta. Subiri mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta kwa kiganja bila kuuachia, na hiyo ni nusu saa au zaidi. Kumwaga maji ya baridi kwenye injini iliyochemka ndiko kunakopasua hedi, kile kichwa cha injini, na vijana wema wenye ndoo wanaua magari mengi kando ya barabara.

Sasa sababu, kuanzia ile ya bei ndogo.

Mfuniko wa rejeta. Watu huurudishia ule ule miaka kumi. Ziwa Tanganyika liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji ya wazi huchemka kwenye digrii 97 hivi, siyo 100. Ukipanda kuelekea Kasulu yanachemka mapema zaidi. Mfuniko mzima hubana mvuke na kusogeza kiwango hicho juu kwa digrii 15 au zaidi. Mpira wake ukikakamaa, unapanda mlima na sufuria iliyo wazi. Huu ndio uliokuwa ugonjwa wa kwanza wa gari letu safari hii, na niliutibu kwa mfuniko mpya kabla sijashika spana.

Rejeta kuziba kwa nje. Vumbi jekundu la kiangazi likichanganyika na mbegu za nyasi na wadudu linakuwa kama tofali. Puliza maji kutoka upande wa feni kwenda mbele, kwa nguvu ndogo ili usilaze mapezi.

Rejeta kuziba kwa ndani. Sisi wote tulikuwa tukijaza maji ya bomba, ya kisima, hata ya ziwa. Maji hayo yanaleta kutu na chokaa. Ukifungua mfuniko injini ikiwa ya baridi ukaona tope la rangi ya matofali, iondoe rejeta ipelekwe kuzibuliwa, kisha weka kulanti, maji maalumu ya rejeta yanayozuia kutu.

Feni. Injini ikiwa ya baridi na imezimwa, izungushe feni kwa mkono. Inatakiwa isite kidogo, kama kijiko kwenye asali. Ikizunguka raundi tano kwa msukumo mmoja, silikoni iliyo ndani ya kilachi ya feni imevuja na feni haishiki tena inapohitajika.

Thermostati, yaani vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto. Hili linaniuma, kwa sababu mafundi wengi wa huku huitoa na kuitupa wakisema nchi yetu ina joto. Katika injini nyingi za Toyota, thermostati ina sahani ya pili ambayo ikifunguka hufunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Matokeo yake, kwenye tambarare gari linakwenda baridi na kula mafuta, mlimani linachemsha. Nilipofungua nyumba yake kwenye gari la baba sikukuta kitu. Nimeweka mpya.

Hedi gasketi (pakiti iliyo kati ya hedi na injini) kuungua, au hedi yenyewe kupasuka. Usikubali neno hili mpaka umeona dalili. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, fungua mfuniko, washa. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa tu. Mapovu yasiyokoma ni moshi wa silinda unaoingia kwenye maji. Funga, washa tena, shika mpira wa juu: ukiwa mgumu kama rungu ndani ya dakika moja au mbili huku bado ni wa baridi, jibu ni lile lile. Tazama pia oili kwenye kijiti na chini ya mfuniko wake. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiendeshe hata kwenda gereji, livutwe. Na hedi ikifunguliwa, mwambie fundi aipeleke kupimwa nyufa na unyoofu kabla ya kufunga gasketi mpya. Kufunga gasketi mpya kwenye hedi iliyopinda ni kulipa mara mbili.

Kiti cha nyuma kabisa, dirishani

Kaka yangu anasema hadi leo harufu ya dizeli iliyochomwa inamkumbusha sikukuu. Jibu lake kwa baba lilikuwa moja kati ya matatu.

"Mweusi." Mafuta mengi, hewa kidogo. Kabla ya kugusa nozeli zinazonyunyizia mafuta kwenye silinda, fungua ea klina, kichujio cha hewa. Tulikuwa tukishuka Kasulu nywele zetu zote zimekuwa nyekundu, na karatasi ya ea klina ilikula vumbi lile lile. Iinue juani: kama mwanga haupenyi, imekwisha. Kama unapenya kidogo, ipulize kutoka ndani kwenda nje. Ikiwa hewa ni safi na moshi bado mweusi, sasa ni zamu ya nozeli. Injini ikiwa inaunguruma polepole bila kukanyaga mafuta, funika nati ya bomba la nozeli ya kwanza kwa kitambaa, ilegeze kidogo, sikiliza. Mlio ukibadilika na injini ikayumba, nozeli hiyo ilikuwa inafanya kazi. Isiyobadilisha kitu ndiyo mgonjwa. Vidole viwe mbali na tundu, dizeli inayotoka hapo ina nguvu ya kupenya ngozi.

"Mweupe." Ukiwa wa asubuhi tu na unakwisha injini ikipata joto, rudi kwenye hita plagi. Usipokwisha, na maji yanapungua kila siku bila kuonekana chini, rudi kwenye hedi.

"Wa bluu." Hapo baba alinyamaza. Bluu ni oili inaungua. Ukiwa pumzi moja tu ya asubuhi kisha ukatakata, ni vimpira vya vali, na unaweza kuendelea nao huku unajaza oili. Ukiwa bluu kila mnapopanda, na ukifungua mfuniko wa oili unaona unapumua moshi kama chungu, ni ringi za pistoni, na hiyo ni kazi ya kufungua injini yote. Kwa bei ya kazi hiyo, sioni ubaya kutafuta injini nyingine iliyotumika, mradi uisikie ikiunguruma kabla ya kulipa.

Mlangoni kwa dada

Mlango wa kusukuma ukianza kugoma, watu husukuma kwa nguvu zaidi, kisha roli ya chini inavunjika na mlango unaning'inia. Dada alikuwa na namna yake: anauinua kidogo kwa kiganja cha kushoto, anauvuta kwa kulia, anaumalizia kwa nyonga. Sote tulijaribu na hakuna aliyeweza. Juzi nilipoufungua nikaelewa alichokuwa akifanya: roli ya chini imelika upande mmoja, naye alikuwa akiibebea uzito kwa mkono miaka yote hiyo.

Safisha reli tatu, ya juu, ya kati na ya chini, kwa brashi ya mswaki na mafuta ya taa. Toa mchanga wote, na kwetu hata mifupa ya dagaa ilitoka. Usipake grisi nzito kwenye reli, inashika mchanga na kuwa msasa. Paka oili nyepesi, ufute. Mlango ukiinuka kwa mkono zaidi ya upana wa kidole, badilisha roli.

Sakafuni

Nilipofungua mlango siku ya kwanza, kabla sijaona kitu nilinusa. Dagaa wa Kibirizi, mawese, viazi, vumbi, na chini yake kitu kama kanzu ya baba. Nilikaa nje dakika kadhaa kabla ya kuendelea.

Harufu ile naipenda, lakini nayo ni dalili. Dumu la mawese lililomwagika linapita chini ya zulia la mpira na kushika unyevu. Likwangue, nyunyiza vumbi la mbao linyonye, acha usiku mzima, fagia, ndipo uoshe kwa maji ya moto na sabuni ya unga. Maji ya baridi yanaligandisha tu.

Kibaya zaidi ni chumvi. Baba alikuwa akirudi na viroba vya chumvi kutoka Uvinza, na mdogo wetu akilala juu yake. Chumvi iliyodondoka ikakutana na unyevu na kula bati kutoka ndani. Ondoa zulia lote. Gonga sakafu kwa mpini wa bisibisi, kila mahali. Mlio wa "ting" ni bati zima. Mlio mfu, na ncha ya bisibisi ikizama, ni kutu iliyokwisha kazi. Kata mpaka kwenye bati zima, choma bati jipya, paka rangi ya kuzuia kutu juu na chini. Sisi tulipata matundu mawili, moja nyuma ya kiti cha baba kubwa kama sahani. Usipande watu mpaka uhakikishe pale viti vilipofungiwa boliti pana bati zima.

Kiti cha baba

Sasa kaa kwenye usukani. Breki ikizama mpaka chini na ukikanyaga mara ya pili inapanda, kuna hewa au kuna mahali panavuja. Tazama ndani ya matairi ya nyuma kama kuna unyevu. Mafuta ya breki huvuta maji kutoka hewani, kwa hiyo ya gari lililolala miaka yamwagwe yote.

Breki ikiwa ngumu kama jiwe, fikiria kitu ambacho wengi hawakijui: katika injini hizi, pampu ya vakyumu inayosaidia mguu iko mgongoni mwa altaneta, ile inayochaji betri. Aliyefungiwa altaneta ya aina nyingine, au ambaye mpira wake umepasuka, anaendesha Hiace bila msaada wa breki. Na kutoka Kasulu kushuka Kigoma, shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Baba alifanya hivyo hata gari likiwa tupu.

Kuna taa moja imeandikwa T-BELT. Huwaka kila kilomita 100,000 kukumbusha taimingi belti, mkanda unaozifanya vali ziende sawa na pistoni. Kama mita iliwahi kufa au kubadilishwa, usiiamini. Kama hujui belti ilifungwa lini, ifunge mpya kabla ya safari yoyote, maana ikikatika vali na pistoni zinagongana. Katika daftari la gari, baba aliandika belti, oili, filta, kila kimoja na namba ya kilomita, mstari wa mwisho ukiwa na kalamu iliyoanza kukauka. Nimeendelea kuandika chini yake.

Mkimaliza yote hayo, jazeni maji, pangeni watu kwenye viti, nendeni Mwandiga na kurudi. Mkirudi, liacheni lipoe usiku kucha. Asubuhi fungua mfuniko, ingiza kidole, pima maji yalipo, andika. Rudia siku ya pili na ya tatu. Kama yamekaa pale pale, nendeni Kasulu. Kama yanashuka kila siku na chini hapana tone, mweke mtu kwenye kiti cha katikati, mwanze upya.